Mwalimu Eufemia na Ngoma za Vitabu vya Picha

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Eufemia Copete, wa hapa hapa mjini kwetu Istmina, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka hamsini na miwili. Miaka ishirini na sita alifundisha darasa la pili. Na aliwafundisha watoto kucheza ngoma kwa vitabu vya picha.

Wengi walimcheka. Kitabu ni cha kusoma, walisema. Yeye akafungua kitabu, akawaonyesha watoto picha ya korongo juu ya mti. Darasa zima likapiga mikono kama mabawa.

"Korongo nimeshamwona," akawaambia. "Mimi nataka kuona anavyotua."

Akafunua ukurasa wa pili. Korongo yumo majini.

"Hapa katikati kumetokea nini? Mchoraji hakuchora. Basi chezeni ninyi."

Kuna waliotua kwa tumbo. Lakini Yurleidy, mtoto ambaye hakuwa amefungua mdomo darasani tangu mama yake alipozama mtoni, alishuka taratibu kwa mguu mmoja, akayumba, akasimama.  Mwalimu alirudisha tu ukurasa nyuma, ili mtoto arudie.

Miaka mitatu iliyopita, mguu wa kushoto wa Mwalimu ulianza kumgomea. Akadhani ni uchovu. Daktari wa mjini Quibdó alimwambia bila kuzunguka: ugonjwa huu hula misuli, na dawa yake haipo. Miguu ilikwenda kwanza, akafundisha akiwa kitini. Ikaja zamu ya mikono, watoto wakawa wanamfunulia kurasa. Mwisho ikaenda sauti.

Dada yake, Bi Domitila, ndiye aliyemuuguza.

"Nimempeleka kwa madaktari, nimempeleka kwa wa mitishamba, nimemwekea nadhiri Bikira Maria wa Rehema," anasema. "Kila nikiamka nakuta kingine kimekwenda. Utafanya nini? Unamkanda miguu, basi."

Mwezi uliopita watoto walimfuata nyumbani, wa sasa na wa zamani. Yurleidy, ambaye ana miaka kumi na mmoja sasa, alibeba kitabu kipya. Bi Domitila akawa anafunua, wao wakicheza sebuleni, wakigongana na viti. Wasikilizaji wapendwa, katikati ya kitabu Mwalimu alianza kutokwa na machozi.

Yurleidy akasimama. "Mwalimu, tumekosea? Kama tumepatia, fumba macho mara moja."

Wakangoja. Lakini kope nazo zilikuwa zimeacha kumtii.

"Bibi, anataka tuendelee?"

"Hata mimi sijui, mwanangu," akajibu Bi Domitila.

Wakatazamana. Kisha Yurleidy akafunua ukurasa mwenyewe, wakacheza mpaka kitabu kikaisha.

"Mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya nini," anasema Bi Domitila. "Nilimfuta tu."

Tunampa pole Bi Domitila. Tunaupa pole ukoo wote wa Copete. Na tunawapa pole watoto wa darasa la pili, ambao bado hawajaletewa mwalimu, na kwa sasa wananakili tu maneno ya ubaoni.

Wasikilizaji wapendwa, sisi sote tuna mtu tusiyeweza kumponya. Tumfikirie leo. Na kesho tumwendee, hata kama hatuna la kumpelekea, hata kama hatutajua kamwe kama alifurahi tulipokuja.