Chapuchapu na Kichupa cha Matone

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Na kama kuna mtoto mchanga hapo nyumbani, mwiteni anayemlea, asikie.

Leo tunamkumbuka muuza dawa. Wiki iliyopita tulimzika, akiwa na miaka sitini na minne, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wengi mlimjua kwa jina moja tu, Chapuchapu. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alinipigia simu juzi. Akaniambia, "Mama watoto aliacha neno. Alisema mkinitaja redioni, litajeni na kosa langu. Msinipambe." Nami ni nani nimkatalie marehemu? Basi hatumpambi.

Jina la Chapuchapu alilipata kwa kasi yake ya kaunta. Foleni ya watu kumi alikuwa anaimaliza kabla hujatoa pesa mfukoni. Unasema kichwa, dawa iko mkononi. Unasema tumbo, umeshaambiwa "anayefuata". Tulimsifu sana. Na mimi nilimsifu, maana nani anapenda foleni?

Sasa nisikilizeni vizuri. Ilikuwa asubuhi, miaka kumi na tisa iliyopita. Dawa ya watoto ya maumivu na homa, ile parasetamoli ya maji tunayoijua sote, ilikuwa imemwishia. Akaletewa katoni mpya ya chupa kumi na mbili. Boksi la rangi ileile, picha ya mtoto ileile. Lakini hii ilikuwa dawa ya matone, wasikilizaji wapendwa, ya wachanga. Ni kali karibu mara nne ya ile ya kawaida. Inapimwa kwa kibomba kidogo cha kuvutia dawa, kinachokaa ndani ya boksi. Narudia: ni kali mara nne, na ina kibomba chake.

Saa tatu akaingia bibi mmoja, kitambaa cha kijani kichwani. Akasema, "Mwanangu, nipe ya mjukuu. Jana kachomwa chanjo, paja limemvimba, ana homa, hatulali." Chapuchapu hakuuliza umri. Hakuuliza kilo. Alichomoa chupa, boksi akaliacha kaunta, akasema maneno aliyoyasema maelfu ya mara: "Kijiko kimoja cha chai, akisumbuka rudia. Anayefuata."

Huyo mjukuu alikuwa na miezi minne. Kilo sita. Kipimo chake cha ile dawa hakifiki hata mililita moja. Kijiko cha chai ni mililita tano. Haya, pigeni hesabu wenyewe.

Saa sita na nusu mchana, duka limetulia, Chapuchapu anakusanya maboksi matupu ayatupe. Moja likagongagonga ndani. Akalifungua, kibomba kikamwangukia kiganjani. Akageuza boksi, akasoma. Mumewe alikuwa karakana ya jirani, na alikuja alipomsikia mkewe akiita jina lake mara tatu. "Nilimkuta kashika kaunta kwa mikono miwili," anasema. "Akanionyesha katoni. Chupa kumi na moja. Moja tu ndiyo imetoka."

Mzee akajaribu kumtuliza, kama waume wanavyojaribu. Akamwambia kosa moja haliachi mke. Akamwambia pengine hawajampa. Akamwambia pia, na hili ananiambia kwa aibu, kwamba akienda kusema duka litafungwa, na hakuna mtu aliyeona. Chapuchapu akamjibu, "Hili si la mke na mume. Ni mtoto wa watu." Akashika funguo, akamtoa mteja mmoja aliyekuwa ndani, akafunga.

Hakujua jina la bibi wala nyumba. Alikumbuka tu kwamba bibi alikatia njia ya kwa fundi baiskeli. Akaenda, si kwa kutembea. Mama mwenye mwili, na kandambili, mchana kweupe. Fundi baiskeli akainua kichwa akasema, "Bibi mwenye mjukuu? Mtaa huu wako watatu, dada." Mlango wa kwanza, mjukuu ana meno na anakimbia. Mlango wa pili umefungwa, akaugonga mpaka jirani akatoka kusema wamesafiri. Ilikuwa inakaribia saa saba. Aliniambia mwenyewe, wakati wa uhai wake, kwamba kati ya mlango wa pili na wa tatu alimwomba Mungu amkute yule mtoto analia, ndio ajue hajapewa dawa.

Mlango wa tatu, hodi aliisema akiwa ameshafika sebuleni. Bibi amekaa mkekani, mtoto mapajani. Kijiko kiko mkononi, kimejaa. Na mtoto, wasikilizaji wapendwa, mtoto anacheka.

"Karibu mwanangu," bibi akasema. "Dawa yako hii, Mungu akubariki. Tazama alivyotulia. Nampa cha mwisho nimlaze."

"Mama, shikamoo. Weka kijiko chini. Usimpe." Halafu akauliza, "Umeshampa vingapi?"

"Kimoja saa tatu na nusu. Saa tano akasumbua, nikarudia kama ulivyoniambia."

Viwili. Vilikuwa vimeshaingia viwili.

Mama wa mtoto ni mwoka mikate. Alikuwa ndio kwanza amerudi kwa chakula cha mchana, unga bado uko kwenye mikono. Akasimama mlangoni. Chapuchapu hakuzunguka mbuyu. Alimwambia, "Nimekosea. Nimempa bibi dawa kali na kipimo cha uongo. Mtoto aende hospitali sasa hivi, na chupa tuibebe."

Bibi hakuelewa. "Mbona mzima? Homa imeshuka, anacheka, mnampeleka wapi mtoto anayecheka?" Jamani, na wewe ungesema hivyohivyo. Nami ningesema. Mama mtu naye akasita. Alitazama mtoto, akatazama chupa, akatazama mtoto. Hiyo dakika moja Chapuchapu aliiita dakika ndefu kuliko zote alizoishi. Kisha mwoka mikate akambeba mwanawe bila kunawa mikono.

Daktari aliuliza saa, vijiko na kilo. Akaitazama chupa, akaacha kutabasamu. Aliwaeleza kwamba parasetamoli ikizidi, siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana hana neno. Ini linaumia kimyakimya. Macho yakija kuwa ya manjano, mnakuwa mmechelewa. Wakampima damu, wakamtundikia dripu yenye dawa ya kuizuia sumu, wakawaambia wangoje.

Walingoja siku tatu. Mwoka mikate alimwambia Chapuchapu, "Ondoka mbele ya macho yangu." Akaondoka, akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na vyoo. Hakwenda nyumbani. Mumewe alimletea uji, ukapoa. Siku ya tatu daktari akatoka, akasema ini limepona. Bibi ndiye aliyekwenda mwisho wa benchi kumwambia, maana mama mtu hakutaka.

Chapuchapu alijiripoti mwenyewe kwa wakaguzi. Duka likafungwa miezi mitatu. Alipofungua, jina lilikuwa lilelile lakini mwendo si wenyewe. Aliweka mizani ya watoto juu ya kaunta. Huna mtoto, hujui kilo zake, huondoki na dawa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu ana homa? Hakuuzii, anakuelekeza hospitali. Aliwafanya mababa wenye ndevu wavute maji kwa kibomba mbele ya foleni nzima mpaka wapatie. Kijiko cha jikoni alikikataza, piga ua. Alitaka ukutani nyumbani kwako kuwe na karatasi: saa ngapi, kiasi gani, nani kampa, ili baba asirudie alichotoa mama. Na aliuliza kila mara kama kuna dawa ya mafua mtoto anapewa, kwa sababu nyingine huwa na parasetamoli humohumo.

Watu walilalamika kwenye foleni. "Chapuchapu, jua linazama." Yeye anajibu, "Jua litarudi kesho," huku anapima.

Jana mwoka mikate alifika hapa studio. Hakutaka kuongea hewani, ila ameniruhusu niseme. "Miaka miwili nilikuwa navuka barabara nisionane naye. Nilimchukia kweli. Kisha nikapata mtoto wa pili, akapata homa, na miguu ilinipeleka kwake. Sikumwambia nimekusamehe. Nilimpa mtoto ampime." Akaongeza, "Angelitupa lile boksi, asingejua mtu. Ningemzika mwanangu bila kujua kilichomuua, na yeye angekuja msibani kunipa pole."

Mwanawe ana miaka kumi na tisa. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Kwa mzee wetu fundi, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu awape subira, na amlaze mama yetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, inuka sasa ukaisome ile chupa iliyo nyumbani. Mimi mwenyewe nimewahi kukisia kipimo kwa kifuniko, najua ninachosema. Usichokielewa, kaulize. Na kama leo umempa mtoto zaidi ya kipimo, au huna hakika umempa kiasi gani, usiogope kugombezwa na usingoje kesho. Beba mtoto, beba na chupa, nenda hospitali ukaseme, angali anacheka.