Darasa la Kushtuka

Benchi la kona ile ni kochi la watu watatu ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, na Fundi Springi, mshona makochi wa mlango wa pili, akaliweka nje ya kibanda cha Mama Kahawa ili lisimzibie karakana. Kushoto pamebonyea, ni pa Kinyozi. Kulia hukaa Bi Nukta, anayesahihisha vitabu kiwandani kwa wachapaji, ambaye hata akinyamaza unahisi anakusahihisha. Alasiri hiyo Springi hakukaa. Alisimama na kikombe chake, macho barabarani. Mkewe ni mkunga, na wiki yake ya zamu ilikuwa inaisha jioni hiyo.

— Hebu rudia, akasema Kinyozi. Umeitazama tamthilia ya Bekari ya Marehemu mpaka mwisho, peke yako?

— Sehemu mbili za mwisho tu.

— Hiyo "tu" iondoe, akasema Bi Nukta.

— Nilitaka kuona kama mtandao uko sawa, akajitetea Springi. Sehemu moja ikaisha, nyingine ikajianzisha yenyewe. Nami mikono ilikuwa na gundi, rimoti ningeishikaje?

— Gundi gani hiyo ya saa nzima?

— Ya sponji.

— Mimi nimekaa jirani na gundi yako miaka yote hii, akasema Mama Kahawa akimmiminia. Inakauka kabla sijaosha kikombe.

Springi akapuliza kahawa ambayo haikuwa ya moto. Mkewe si mtu wa kuomba omba. Mapazia alijinunulia mwenyewe, hata pete alisema yoyote itafaa. Lakini siku walipoanza tamthilia ile, amejikunja kwenye kochi na soksi za kazini bado miguuni, alimwambia neno moja: usinitangulie. Kwa zamu zake, na kwa wateja wa Springi wanaotaka makochi jana, saa ile ya kukaa pamoja mbele ya skrini ndiyo ndoa iliyobaki na nafasi ya kupumua.

— Dawa ipo, akasema Kinyozi. Utashtuka. Marehemu akiingia bekari akiwa hai, na unga mikononi, wewe unashtuka kama hujawahi kumwona. Fanya nikuone.

Springi akatoa macho.

— Hapo unafanana na mtu aliyekatwa sikio. Nawajua, nimewakata wengi. Anza na nyusi.

— Nyusi zitamponza, akasema Bi Nukta. Huyu hajui kuficha hata njaa. Badilisha kitu chenyewe. Mpe riwaya. Kuna moja mpya, ya mwanamke anayerudi kuishi na mume aliyemwacha, ila sasa kama mpangaji wake. Ukurasa wa kumi tu ulinifanya nisahau chai jikoni.

— Mtu ametoka kuzalisha wiki nzima umpe herufi ndogo ndogo? akapinga Kinyozi.

— Basi filamu. Ile ya wazee wawili waliokwama kwenye lifti.

— Niliiona, akasema Kinyozi. Saa mbili na lifti haipandi. Mteja wangu alilala, nikamnyoa upande mmoja akiwa ameegemea.

— Huo si upungufu wa filamu, ni wa kinyozi.

— Mimi ningezima mtandao, akasema Mama Kahawa. Ningesema nguzo imeanguka.

— Nguzo ipi, na madirisha yote ya mtaa yanawaka?

— Basi ningesema tamthilia imefutwa. Wenye bekari wamelalamika.

— Ongeza ushahidi, Kinyozi akadakia, sasa amesimama kabisa. Springi avunje skrini. Kwa bahati mbaya, na mguu wa kochi. Halafu azimie juu yake, mkunga aanze kazi ya kumhudumia. Mtu aliyezimia haulizwi mambo ya bekari.

— Ataniuliza nikizinduka, akasema Springi.

— Usizinduke haraka.

— Nyinyi wenyewe mliimaliza lini?

Kinyozi aliimaliza pale saluni, wiki ileile ilipotoka. Bi Nukta kwa siku mbili, akihesabu makosa ya maandishi yapitayo chini ya skrini. Mama Kahawa aliitazama kwenye simu iliyoegemezwa birika, mpaka birika likachemka likamwagikia dada mkubwa wa tamthilia akilia kwenye skrini.

— Basi wote tumetangulia, akasema Springi.

— Sisi hatukuombwa tusitangulie, akasema Bi Nukta, safari hii kwa upole.

Mkunga akatokea kwenye kona, mkoba begani, viatu vikiburuta. Kinyozi akakaa upesi. Wakamsalimia shemeji kwa sauti moja, kwa adabu nyingi mno, na Kinyozi akampisha pale palipobonyea. Akazama, akafumba macho kidogo.

— Nimeingoja saa hii wiki nzima, akamwambia mumewe. Lakini kichwa hakishiki kitu. Nikumbushe, baba, tuliishia wapi?

Springi akafungua mdomo. Walipoishia wao, na alipoendelea yeye, palishonwa pamoja kichwani mwake bila mshono kuonekana. Je, dada mdogo alikuwa ameshauza tanuri? Barua ilikuwa imesomwa?

— Pale... marehe—

Kinyozi akakohoa. Mkunga akafumbua macho.

— Marehemu kafanyaje?

Akamtazama Kinyozi, Kinyozi akatazama kucha zake. Akamtazama Bi Nukta, naye akaanza kusahihisha pindo la gauni lake. Mama Kahawa akaliinamisha birika juu ya kikombe cha mkunga, likatoa tone moja na masalia.

— Imekwisha, akasema.

— Naona, akasema mkunga.

Akamtazama mumewe jinsi anavyowatazama wanaodai uchungu haujaanza. Nyusi za Springi zilikuwa juu, zimesahauliwa huko tangu mazoezi.

— Shusha hizo, akamwambia. Tutaanza upya, sehemu ya kwanza. Nawe utakaa nami mpaka mwisho, kimya, na rimoti nashika mimi.

Springi akauchukua mkoba begani mwake. Hakuuliza zilikuwa sehemu ngapi. Alitamani tu ziwe nyingi.