Pointi za Baba Benja

Benchi letu liko Katoro, mbele ya cherehani yangu, kando ya barabara ya Ushirombo. Ni ubao mmoja juu ya matofali. Upande wa kulia wanapima dhahabu, upande wa kushoto wanauza sururu na mipira ya maji ya machimboni, na katikati tunakaa sisi na kahawa ya Mwamvua, mwanamke wa Kigoma asiyekopesha. Mayala tunamwita Karasha kwa sababu ya ile mashine ya kusaga mawe: akiwaka hasikii mtu. Januari tunamwita Risiti. Anauza dagaa wa Nkome, anajua bei ya kila kitu, na hajawahi kutupa karatasi. Mimi ni fundi Nkwabi. Mwenzetu wa nne ni Donatus, baba Benja, mwenye kibanda cha saruji na mabati ng'ambo ya barabara. Juzi tulimzika mke wake, Paskazia.

Habari yenyewe ilianza miaka miwili iliyopita, asubuhi moja Donatus alipokuja na kadi mpya ya benki.

– Nani hajalipa kodi yake ya makadirio? aliuliza.

– Mimi hapa, alisema Risiti. Awamu ya pili. Nasubiri mpaka siku ya mwisho, kama kawaida.

– Nipe kontrol namba yako na hela taslimu. Mimi nakulipia kwa kadi sasa hivi, ujumbe unaingia kwenye simu yako ukiwa umekaa hapo hapo.

– Na wewe unakula wapi hapo? aliuliza Karasha.

– Sili. Napata pointi.

– Pointi za nini? Umesajiliwa ligi kuu?

– Za benki. Ni kadi ya mkopo. Wao wanalipa, mimi nawarudishia mwisho wa mwezi. Kila shilingi elfu wanaandika pointi moja.

– Si ukanunulie sukari, basi, upate hizo pointi?

– Wapi? Nionyeshe duka moja Katoro linalopokea kadi. Langu lenyewe halipokei. Hapa mjini kitu kinachopokea kadi ni kodi peke yake.

Tulicheka sana siku ile. Lakini Risiti alitoa hela, Donatus akabonyeza simu yake kwa kidole kimoja, pole pole, akitamka kila tarakimu, na kabla kahawa haijapoa ujumbe ukaingia. Basi habari zikaenea. Wakaja wa maduka ya nguo, akaja mwenye nyumba ya wageni, wakaja mpaka wanunuzi wawili wa dhahabu ambao kodi yao kwa awamu moja ni zaidi ya yetu ya mwaka mzima. Makato ya kadi alikuwa anayabeba mwenyewe. Watu wakaacha kumwita baba Benja, wakamwita Pointi.

Yeye akishavuka barabara kurudi dukani, sisi tunabaki kumchambua.

– Anatafuta pikapu, alisema Risiti. Ukifikisha elfu arobaini wanakupa pikapu.

– Pikapu wapi! alisema Karasha. Zile pointi zinauzwa Dubai. Zina bei ya siku, kama dhahabu. Kuna mzee Nyarugusu aliuza za kwake, sasa hivi ana maduara matatu ya kuchimba dhahabu na jenereta.

– Mzee gani huyo?

– Wewe humjui. Na siyo hivyo tu. Ukishakuwa na nyingi sana, unafutiwa kodi wewe na watoto wako na wajukuu.

– Sasa mbona yeye ndiye analipa kuliko wote?

– Ndiyo maana nasema humjui!

– Mimi nasikia, alisema Mwamvua huku akimimina, kwamba ukizitumia zote kwa mpigo mmoja, benki inakuja kukupiga picha na kukuweka kwenye kalenda.

Mimi nilicheka pamoja nao. Na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mimi nilikuwa najua.

Benjamini alikuwa mtoto wao wa pekee. Alisomea kuchomelea vyuma, akapata kazi Mtwara, huko mwisho kabisa wa nchi. Akaugua homa siku nne, akafa. Ulikuwa msimu ule mvua zilipokata barabara ya kusini, magari yamelala njiani wiki nzima, maiti haiwezi kutoka wala ndugu hawawezi kuingia. Wafanyakazi wenzake wakamzika huko huko, wakatuma picha tatu kwa simu. Donatus alikwenda miezi miwili baadaye, peke yake, kwa basi, akaliona kaburi. Paskazia hakwenda. Kabla mumewe hajaondoka aliteleza na ndoo ya maji uani, nyonga ikavunjika, na ilipopona ilipona vibaya. Akikaa nusu saa anatokwa jasho la maumivu. Kutoka hapa mpaka Mtwara ni siku mbili na zaidi za basi.

Siku moja akaniita nyumbani kwao kumpima gauni. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, nyuma ya marundo ya mabati.

– Fundi, alisema, ukimaliza gauni nishonee na kamfuko. Kadogo tu, ka kitambaa kigumu, kenye kamba ya kukazia.

– Ka kuwekea hela, mama Benja?

– Ka kuwekea udongo. Nikifika kwa mtoto nichote kidogo, nije nao. Baba yake ananikusanyia pointi za ndege. Kutoka Mwanza mpaka Dar, na Dar mpaka Mtwara. Amesema ndani ya ndege ni saa chache tu, naweza kuvumilia.

– Zimefika ngapi?

– Jana elfu ishirini na moja. Kila jioni ananisomea.

Nikashona kale kamfuko kwa kipande cha jinzi, sikumtoza. Akaniomba nisiseme kijiweni, maana mumewe hapendi kuonewa huruma. Nikanyamaza. Nilifikiri kunyamaza ni heshima.

Mwezi wa kumi mwaka huu, kwa hesabu aliyojiandikia mwenyewe, zilibaki pointi elfu tatu kufikia elfu arobaini za tiketi. Awamu ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa inakaribia, na wale wanunuzi wa dhahabu walikuwa wameshamwahidi. Donatus akapanda gari kwenda Geita, kwenye tawi la benki yake, kuuliza fomu ya tiketi inajazwaje. Alirudi mchana. Hakwenda dukani. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akakaa, akaweka kadi juu ya goti.

– Vipi, Pointi? alisema Karasha. Pikapu iko wapi?

– Zimefutwa.

– Nini kimefutwa?

– Tangu mwezi wa saba malipo ya serikali hayana pointi tena. Wamebadilisha masharti. Wanasema walituma ujumbe.

– Na zile za kabla ya hapo?

– Za mwaka wa kwanza zilikuwa na muda wake. Muda umepita. Yule binti wa dirishani alikuwa mpole, hata nisimseme vibaya. Amenigeuzia kompyuta nikaona mwenyewe. Zimebaki elfu kumi na moja. Amesema naweza kupata pasi ya umeme, au birika.

Hakuna aliyecheka. Ndipo akatuambia yote, kwa mara ya kwanza, akiangalia barabara: Mtwara, nyonga, ndege. Aliongea taratibu kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Alipomaliza, Karasha akavua kofia, akaivaa tena.

– Wapelekwe mahakamani, alisema Risiti. Mimi nina karatasi zote. Kila risiti uliyonilipia ninayo.

– Mahakamani ni miaka, alisema Karasha. Aende redioni. Aseme jina la benki hewani, utaona wanavyokuja na ndege yenyewe mpaka uwanja wa shule hapa.

– Tuandike barua, tusaini wote tuliolipiwa. Tuko zaidi ya sitini.

– Barua ya nini? Kuna jamaa Runzewe anajua kompyuta, anaweza kuzirudisha zile pointi mahali pake. Anaingia kwa mlango wa nyuma.

– Acha ujinga wako, Mayala, alisema Mwamvua.

– Ujinga? Basi tumtengenezee kitanda ndani ya basi! Tunang'oa viti vinne, tunaweka godoro, tunafunga kwa mipira ya gari isitikisike. Nachomelea mwenyewe.

Tulibishana mpaka jua likageuka. Barua, redio, kitanda, mbunge. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja aliliona la kwake ndilo. Donatus alitusikiliza wote, akaitikia kwa kichwa, akashukuru.

– Mke wangu atauliza jioni, alisema akisimama. Sijui nimsomee nini.

Baadaye nilijua alichomsomea. Aliendelea kumtajia namba. Elfu thelathini na saba na mia tano. Thelathini na nane. Alikuwa anazipandisha kidogo kidogo kila jioni ili zisifike elfu arobaini haraka.

Barua haikuandikwa. Risiti alisema anatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Karasha alikwenda machimboni wiki mbili. Mimi nilikuwa na sare za kwaya za kushona. Mama Benja akaanza kukataa chakula, kisha kifua kikambana, na Jumatano alfajiri akafa, ile namba ikiwa imefika elfu thelathini na tisa na mia mbili. Kamfuko kalikuwa kamefungwa kwenye pindo la khanga yake. Mwamvua aliyemwosha pamoja na wanawake wengine ndiye aliyekaona. Aliniuliza ni ka nini.

Sasa leo asubuhi tumekaa. Mama mmoja wa Tinde, Klara, analeta mchele sokoni. Lori lake limepasuka gurudumu hapa mbele, akaomba nafasi kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Akatuona tumenyong'onyea, akauliza kuna msiba wa nani. Karasha akamsimulia yote, tangu kadi mpaka kaburi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisimulia bila kuongeza chumvi.

– Poleni sana, alisema Klara. Na mazishi mlimsaidia?

– Mama yangu, tulimsaidia! alisema Risiti, akatoa daftari la rambirambi. Mimi ndiye nilikuwa katibu. Jumatano saa nne tulianza kupita madukani, saa tisa tumemaliza. Sitini na mbili wametoa. Wanunuzi wa dhahabu laki mbili mbili. Jumla milioni mbili na laki nne na elfu kumi. Hapo sijahesabu mchele, ng'ombe mmoja na kuni. Jeneza la vioo, turubai tatu, gari la matangazo. Katoro hatujazika mtu hivyo muda mrefu.

– Kwa muda wa saa tano tu, alisema Karasha. Fedha zote hizo.

– Mmefanya vizuri, alisema Klara. Akapuliza kahawa, akanywa, akafikiri kidogo. Kwani hiyo tiketi ya ndege ni shilingi ngapi?

Risiti akafungua mdomo. Yeye ndiye wa bei zote: dagaa, mafuta, gramu ya dhahabu ya jana na ya leo. Akaangalia daftari kana kwamba imeandikwa humo. Akanigeukia mimi.

– Ilikuwa elfu arobaini, nilisema.

– Shilingi?

– Pointi.

– Mimi nauliza shilingi.

Karasha akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mwamvua alikuwa ameshika birika juu ya kikombe, hamimini. Miaka miwili tumeongea habari za pikapu, Dubai na kalenda, tumeongea habari za mahakama na mipira ya gari. Shilingi hakuna aliyeuliza.

Klara akatuangalia mmoja mmoja, akiwa bado anasubiri. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu.

Ndipo tukamwona Donatus anavuka barabara. Kanyoa kichwa, kavaa shati jeupe la kanisani. Alikuja mpaka mbele ya benchi, akamsalimia mgeni, kisha akatushika mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yake miwili.

– Nimekuja kuwashukuru, alisema. Wabeja, ndugu zangu. Wabeja sana. Mmenisitiri.

– Pole, baba Benja, tulisema.

Akarudia kumshika mkono Risiti, kwa sababu alisikia yeye ndiye aliyepita na daftari. Risiti alimwachia mkono wake wote, akaangalia chini.