Mzee Valerian Wenseslaus Mmasi (1951–2025), Mpiga Picha Aliyeziogopa Harusi

Marehemu Valerian alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, Uru, mtoto wa tatu wa Mzee Wenseslaus na Mama Flavia, wakulima wa kahawa na ndizi. Alisoma hukohuko Uru hadi mwaka 1966. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti, "Mwoga, lakini mwangalifu." Marehemu alisema mwalimu yule hakukosea.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika studio mjini Moshi, na mwaka 1977 akafungua ya kwake mtaa wa Soweto. Kwa picha za uso alichagua mkanda wa ASA 100, unaotaka mwanga mwingi, akamweka mtu nje ya mlango saa tatu asubuhi. Kwa harusi alitaka ASA 400, unaoweza kunasa picha hata penye mwanga hafifu, kwa sababu ukungu ukishuka makanisa yetu ya mlimani huwa na giza. Mwanga aliupima kwenye shavu la bibi harusi. "Gauni jeupe litajionyesha lenyewe," alisema.

Tarehe 17 Mei 1986 mikanda ya harusi ilikuwa imemwishia. Akaweka ASA 100 na kutumainia mwanga wa madirisha. Ukungu ukashuka, na picha zote zikatoka nyeusi. Kabla familia haijasikia kwa watu, alikwenda kwa baba wa bibi harusi, Mzee Gerson, akiwa ameshika jani la isale, ambalo kwetu anayeletewa hawezi kukataa kusamehe.

"Shikamoo, baba. Nimeiharibu harusi yako."

"Marahaba. Harusi au picha?"

"Picha, baba. Zote."

"Basi kaa unywe mbege. Umetetemeka hivyo nikadhani kuna msiba!"

Alisamehewa, lakini hofu haikumtoka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya harusi alishindwa kula.

Alifunga ndoa na Victoria tarehe 6 Oktoba 1979. Mwaka ule mikanda iliadimika, akakosa hata wa harusi yake mwenyewe, na baadaye daima alikuwa nyuma ya kamera. Hawakuwa na picha hata moja ya pamoja.

Mwaka jana kisukari kilimfifisha macho. Tarehe 14 Septemba 2025 alisema, "Victoria, vaa kitenge kile cha kijani." Aliuweka mkanda kwa kupapasa, akampa kamera mjukuu wake Evelyn, anayeusoma wasifu huu, awapige picha ya pamoja.

"Kile kigurudumu cha kushoto kinazunguka unapovuta?" aliuliza. Kisipozunguka, mkanda haujashika.

"Ndiyo, Babu," Evelyn alijibu. Hakuwa ametazama.

Evelyn alipouzungusha mkanda kuurudisha kwenye kasha lake, ulirudi kirahisi mno, kana kwamba haukuwahi kuvutwa. Aliogopa, akanyamaza. Marehemu alipolazwa mwezi Oktoba aliuliza mara tatu, "Picha zimefika?" Mara zote tatu aliambiwa, "Bado, Babu." Mkanda ulikuwa ndani ya droo. Angeambiwa ukweli siku ileile ya picha, Bibi angevaa kitenge tena kesho yake.

Marehemu alifariki tarehe 12 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri. Mkanda ulipelekwa kusafishwa na umerudi mweupe, hauna kitu. Ndiyo maana picha ya jalada la ratiba hii ya mazishi ni ya kitambulisho.

Juzi Evelyn alikata isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akampelekea Bibi, akasema yote. Bibi alilipokea jani, akaliweka mapajani.

"Babu yako alikuwa amesimamaje?"

"Alikushika bega, Bibi. Kitenge kilikuwa kimekunjika, akakinyoosha."

"Najua. Mkono wake bado uko hapa," Bibi alisema, akajigusa bega. "Nyamaza sasa, mama. Kesho ukawaandikie watu hivyohivyo, asisingiziwe yeye kuharibu mkanda."

Ameacha mjane, Victoria, watoto wanne: Rodrick, Eliza, Primus na Eva, wajukuu tisa, na sura za watu kwenye kuta nyingi za Uru na Moshi.

Mwanga wa milele umwangazie Babu yetu, asiwe tena na haja ya kuupima. Alale bila hofu.