Wasifu wa Mzee Wahome Gakuru, Aliyeuza Mahali pa Kaburi Lake

Marehemu Mzee Wahome Gakuru alizaliwa Othaya, Nyeri, tarehe 3 Juni 1955, kifungua mimba wa Gakuru na Gathoni. Alisoma mpaka darasa la saba, karo ikaisha. Hakuwa mjinga, na mtu asiseme hivyo.

Mwaka 1979 alimwoa Waithera kanisani. Mungu aliwapa watoto wawili, Gakuru na Gathoni, waliopewa majina ya wazazi wake Mzee. Walihamia Kitengela mwaka 1984, akafungua duka la misumari, mabati na rangi. Nyumba nyingi mnazoona huko zimeshikwa na misumari yake.

Baadaye alinunua ploti Isinya, akapanda msonobari kwenye kona na kusema, "Hapa ndipo mtanilaza." Siku moja alilala chali hapo kujipimia, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akakimbia akipiga nduru.

Mwaka 2022 mjukuu wake Kui, mtoto wa bintiye Gathoni, aliitwa chuo kikuu kusomea biashara. Uchumi ulikuwa umeharibika. Watu waliacha kujenga, duka likakosa wateja, na mkopo wa chuo ukatoka nusu. Mzee akauza ploti pamoja na mti wake.

Waithera alimfokea, "Na wewe utalala wapi?"

"Nikifa mtanitafutia. Huyu mtoto akikaa nyumbani, mimi silali hata leo."

Majirani, waliomwita Guka, yaani babu, walimcheka: "Guka, mtu anasomea biashara na biashara zinafungwa?"

Akawajibu, "Mimi nilifungua duka bila kusoma. Si mnaona?"

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Kajiado bila kulalamika, ila chai isiyo na sukari ilimkasirisha. Alituacha alfajiri ya tarehe 11 Machi 2026.

Kui alilia sana, akamwambia nyanya yake, "Shosho, wacha nisimamishe masomo. Kwa karo ya muhula wa mwisho tununue mahali pa kumzika Guka."

Waithera alikataa. "Guka yako aliuza ploti ndio usome. Ukiacha sasa, ameiuza bure."

Basi wewe unayenong'ona kwa nini Mzee mzima anazikwa makaburi ya umma, umesikia. Hatuoni haya. Karo imelipwa, na Jumatatu Kui anarudi darasani. Asizuiwe na mtu kwa sababu ya matanga.

Ameacha mjane, Waithera. Watoto, Gakuru na Gathoni. Na wajukuu watano, Kui akiwa mkubwa wao.

Baba Gakuru, ulisema tutakutafutia. Tumekutafutia. Lala sasa kwa amani.