Herufi za Mama Miiba

Nani aliandika jina lako kwenye cheti unachokitunza kabatini? Hujui? Basi ndiye tunayemzika leo.

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika chumba cha nyuma ya soko. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wa kuchora alimpa kalamu ya ncha pana, akamwonyesha kwamba ukiishika kwa mlalo uleule, mstari hunenepa na kukonda wenyewe. Hakuiacha tena.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji. Walimpa ufagio, wakamwambia wino si kazi ya kike. Nasema wazi: walikosea, na vibao vya mji huu ni ushahidi. Herufi za gothiki za kiwandani, zile nyeusi zenye pembe kali, zilipochakaa, ni yeye aliyezichora upya kwa mkono. Zikapamba jina la gazeti, vyeti vya wahitimu, kibao cha duka la mikate, hata fulana za vijana wa bendi za magitaa.

Kinyozi mmoja alimjia. "Mama, niandikie zote kubwa, zitishe."

"Herufi kubwa ni mwenye nyumba," alimjibu. "Wenye nyumba kumi wakijazana mlangoni, mteja atapita wapi? Utapata kubwa moja ya mbele, basi."

Kinyozi akanuna. Kibao chake hakijashushwa hadi leo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanda, palikuwa na kibanda cha fundi baiskeli. Kabla ya kukabidhi kazi, shangazi aliinyanyua mlangoni na kupaza sauti: "We fundi, soma!"

"Naona miiba tu, dada!"

Alirudi ndani, akachora upya, mpaka siku fundi alipojibu, "Inasomeka." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978, na jina la Mama Miiba likamganda. Tangu hapo hakuna kazi yake iliyotoka kabla ya neno lile kusikika kutoka ng'ambo.

Mwaka 2021 mkono wake ulianza kutetemeka. Hakuogopa kufa, aliogopa herufi zake zisije zikafa naye. Akaanza kuchora alfabeti nzima, nami nikawa naiingiza kwenye kompyuta ili yeyote aweze kuitumia. M kubwa ndiyo iliyomsumbua hadi mwisho. Aliimaliza hospitalini, kalamu ikiwa imefungwa kidoleni kwa kitambaa.

"Mpelekee mzee wangu aisome," aliniambia. "Na asinionee huruma."

Alifariki jioni hiyo, tarehe 3 Juni 2024, nikiwa bado njiani.

Ameacha mume, mabinti wawili, dada mmoja, wajukuu watano, na alfabeti isiyopungua hata herufi moja. Mkono wake sasa umetulia. Naye apumzike kwa amani.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilichapa jina lake, hilo lililo juu ya karatasi uliyoishika, nikampelekea mzee pale mlangoni pa kiwanda. Hakulipokea. Alivuka barabara akiburuta kandambili, akasimama pale kilipokuwa kibanda chake, akageuka.

"Inua juu, mwanangu."

Niliinua kwa mikono miwili. Magari yalipita kati yetu. Akafuta miwani kwa shati, akakaza macho.

"Mama Miiba," alisoma kwa sauti. "Hiyo M ya mbele imetetemeka."

Nikabaki nimeinua.

"Lakini inasomeka," akasema. "Mwambieni inasomeka."