Phelista Nekesa: Miaka Thelathini na Miwili, Magunzi Yasiyohesabika

Bi. Phelista Nekesa anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kutumikia maabara yetu ya udongo hapa Kitale kwa miaka thelathini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo tumekuwa pamoja, na sitadanganya: amenichosha.

Aliajiriwa kuosha chupa, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Miaka minane iliyopita alianza kutuletea magunzi ya mahindi kwa magunia kutoka kwao Misikhu. Wengine huyachoma jikoni. Yeye aliyasaga, akayachemsha kwa magadi makali, akatoa ile polima inayolifanya gunzi kuwa gumu. Kwayo akaunda chembe za nano, ndogo hata hadubini yetu haizioni, na ndani yake akafungia zinki, madini ambayo mahindi huyahitaji ili yakue. Ukiyanyunyizia mahindi chembe hizo, jani hupata zinki polepole, mvua isiioshe yote. Wazo zuri. Lakini fukusi wa magunzi walihamia kabati letu la chakula, na aliyewafukuza ni mimi.

Msimu wa kwanza, mahindi ya majaribio huko Tongaren yalistawi. Wakubwa wakachapisha mabango ya kuisifu dawa. Bi. Phelista akakataa kutia sahihi matokeo, ati mvua ilikuwa nzuri na hata mahindi yasiyonyunyiziwa yamestawi. Tulimsihi. Tukamwonyesha bango. Alilisoma, akasahihisha tahajia, akaturudishia.

Msimu wa pili tulikwenda Naitiri, kwa Mama Jepkemboi, mjane aliyetupa nusu ekari yake. Wiki moja tu baada ya kunyunyizia, majani yakaungua. Ofisi ilikuwa tayari imeandika barua ya kulaumu jua. Bi. Phelista akapima dawa iliyobaki kwenye pampu, akakuta magadi hayakuoshwa yakaisha kwenye zile chembe, na ndiyo yaliyounguza majani. Akaniburuta hadi Naitiri.

"Ni kosa letu sisi wa maabara," alimwambia Mama Jepkemboi, "na msimamizi ni mimi."

"Si ungenyamaza tu, mama?" Mama Jepkemboi akamjibu. "Mimi nilishasema ni jua."

"Jua halijaajiriwa kwetu."

Alimpelekea magunia sita ya mahindi kutoka shamba lake mwenyewe. Ofisi nayo ikampa barua ya onyo. Aliisoma, akarudi kuosha magadi mara saba, nasi tukaosha naye tukinung'unika. Msimu wa tatu na wa nne, ile mistari myeupe ya njaa ya zinki ilitoweka kwenye majani yaliyonyunyiziwa, ikabaki kwenye yale yasiyonyunyiziwa kando yake. Hapo ndipo alipotia sahihi.

Sasa niseme lisilo kwenye faili. Siku ilipotengenezwa dawa ile ya Naitiri, zamu ya kuosha ilikuwa yangu, na niliondoka mapema kuwahi harusi Bungoma. Alijua tangu mwanzo. Hajawahi kulitaja, hata kwangu, na ukimya huo umenisumbua kuliko kugombezwa. Nimeiandikia ofisi ili onyo lile lihamie jina langu. Atakasirika, najua. Na akasirike, mara hii ni zamu yake.

Asante sana, Bi. Phelista. Ukae Misikhu kwa amani, uwe na siha njema, na Mungu akulinde.